Yule wa Kabla Yangu

Siku niliyohamia Kitengela, kabla godoro halijashuka kwenye mkokoteni, mwenye ploti alikuja akasimama mlangoni mwa chumba nilichokodisha. Akaangalia vyombo vyangu kimoja kimoja kama askari wa mpakani, halafu akasema, "Yule wa kabla yako alikuwa na kabati ya vyombo."

Mimi nilikuwa na beseni. Lilikuwa beseni zuri, la plastiki nzito, limechorwa maua mekundu ambayo hata nyuki wangedanganyika nayo, na ndani yake nilikuwa nimepanga sahani, vikombe, vijiko, mwiko na kifimbo cha kusukuma chapati. Mpaka dakika ile nilidhani niko na vyombo vya kulisha harusi mbili. Baada ya dakika ile nilikuwa mtu wa beseni.

Hivyo ndivyo nilivyojulishwa kwa mwanamke ambaye sijamwona kwa macho mpaka leo, na ambaye nilimwonea wivu miaka yote niliyokaa katika ile ploti. Sisemi wivu mdogo, wa kusonya ukapita. Nasema wivu wa kuamka nao, kuupikia chai, kwenda nao sokoni na kurudi nao. Nilimwita Yule wa Kabla. Jina lake sikutaka kulijua, kwa maana niliogopa likishaingia kichwani mwangu litakaa humo bila kulipa kodi.

Ploti yenyewe ilikuwa safu mbili za vyumba vya mabati vinavyotazamana, bomba katikati, kamba za nguo kutoka upande huu hadi ule, na mlimau mmoja mbele ya mlango wangu. Mwenye ploti aliishi kwenye nyumba ya mawe karibu na geti, pamoja na ng'ombe wake wachache waliobaki. Alikuwa mjane wa Kimaasai. Wapangaji wote tulimwita Yeyo, yaani mama, hata wale waliomzidi umri. Ardhi ya marehemu mzee wake ilikuwa imeanzia barabara ya Namanga ikaenda mpaka macho yachoke. Mzee akauza kipande, ndugu zake wakauza vipande, na mwishowe ikabaki ile ploti na zizi dogo. Sikuwahi kumsikia Yeyo akililia ardhi. Alisema tu kwamba zamani alikuwa na nyasi, sasa ana watu, na watu pia wanataka kuangaliwa.

Na alituangalia. Sisi wa Kitengela ni watu wa kuja na kuondoka. Huyu ametoka Murang'a kufuata biashara, huyu ametoka Kakamega kufuata mshahara. Akipata ploti yake anahama, akipoteza kazi anahama, na akifa anawekwa kwenye gari anarudishwa kwa babu zake. Ukihama leo, kesho jirani hakumbuki kama ulikuwa na watoto au paka. Isipokuwa Yeyo. Yeye alibeba kichwani maisha ya kila mtu aliyewahi kulala chini ya mabati yake, pamoja na baba zao, mama zao, na sababu iliyowatoa kwao.

Jumapili baada ya kanisa alikuwa akitoa kiti chake cha plastiki, anakiweka chini ya mlimau, na kando yake anaweka kigoda cha miguu mitatu kilichokuwa cha marehemu mzee wake. Jumapili yangu ya kwanza nilikiona kigoda kile, kimeng'aa kwa kukaliwa, nikajua ni changu. Nikainama kukaa. Yeyo akanizuia kwa fimbo.

"Hapana hicho. Hicho nakaliwa na yule wa kabla yako."

"Lakini Yeyo, alishahama."

"Amehama, ndiyo. Lakini kigoda iko."

Nikaletewa mtungi mtupu wa maji, nikaupindua, nikaukalia. Kigoda kikabaki kati yetu bila mtu, na Yeyo akawa anageuka kukitazama akizungumza, kana kwamba kinaitikia.

Nilisikia mengi nikiwa juu ya ule mtungi. Nilisikia habari za karani wa chumba cha kwanza, aliyezaliwa Magadi katika nyumba za kampuni, baba yake akiwa mtu wa mitambo ya magadi na babu yake pia. Ukoo huo wote ulikuwa umezoea joto la kukaanga yai juu ya jiwe. Alipohamia Kitengela, baridi ya Julai ilimshika kama deni la mkopo, akawa anavaa makoti mawili, na mkewe anapasha mawe moto anamfungia ndani ya soksi. Watoto wao walikuwa hawajui blanketi ni la kazi gani. Siku ya kwanza walilitandika chini wakacheza karata. Wakavumilia msimu mmoja. Siku moja mama huyo akamwambia Yeyo kwamba hana ugomvi na mtu yeyote ila amekosa sana kutoka jasho, na mwisho wa mwezi wakarudi kwao. Yeyo akisimulia hapo alikuwa anajifuta macho. "Wale walikuwa watu," anasema. "Walinisalimia kila asubuhi meno yakigongana."

Nikaanza kuwasalimia watu wa Magadi kwa wivu, hata wale niliokutana nao stendi.

Nilisikia pia habari za chumba cha tatu. Hapo kulikuwa na familia iliyotoka upande wa magharibi, baba ana kazi ya ofisini Nairobi, mama ni mtu wa kwaya. Walileta jogoo kutoka kwao ili wamchinje siku mchungaji akija kuwatembelea. Mchungaji akaahidi, akaahirisha, akahamishwa. Akaja mwingine, naye akaahidi. Jogoo akazidi kunenepa akingojea. Ikafika mahali jogoo mwenyewe ndiye mzee wa ploti, anakagua geti, anatangulia watoto kwenda shule, na wauza mitumba wanamwomba njia. Walipohama walimwacha, na alipokufa Yeyo alikataa asiliwe. Alimzika nyuma ya zizi.

"Alikuwa na adabu," Yeyo akasema, akinitazama juu mpaka chini.

Nimewahi kumwonea wivu jogoo. Nasema bila haya.

Lakini hao wote walikuwa mvua ya rasharasha. Gharika ilikuwa Yule wa Kabla. Baba yake, nilielezwa, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Nyeri, na mama yake alikuwa akifuma sweta za shule nzima. Ndiyo sababu binti aligeuka vile alivyogeuka. Alikuwa akifua nguo kabla jua halijatoka. Nguo za ndani alizianika nyuma ya shuka, si mbele kama bendera. Chapati zake zilikuwa laini hata kwa mtu asiye na meno. Alipanda ule mlimau kwa mkono wake. Watoto wake, wakikutana na Yeyo, waliinamisha vichwa ili awaguse utosini, kama watoto wa Kimaasai wanavyowaamkia wakubwa, na hakuna aliyewafundisha.

Wangu walimnyooshea Yeyo ngumi wampe gota.

Nilifanya mambo. Nilianza kufua kabla jua halijatoka, na kwa vile Kitengela ina upepo ambao unaweza kumvua mtu shati akiwa amelivaa, nilifua gizani na kuokota nguo zangu kwenye zizi asubuhi. Yeyo akatoka na kikombe chake cha chai, akaona shuka langu limemfunika ng'ombe. Akasema, "Yule wa kabla yako alikuwa na vibanio."

Nikanunua vibanio. Nikapika chapati za tabaka hata mimi mwenyewe sikuziamini, nikampelekea zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa. Akala mbili polepole. "Ni nzuri," akasema, moyo wangu ukapanda mpaka mabati. "Yule wa kabla yako aliniletea tatu."

Watoto wangu niliwafundisha kuinamisha kichwa. Niliwafanyisha mazoezi mbele ya mlango kama watu wa gwaride. Mdogo akainama haraka mno, akamgonga Yeyo tumboni.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa maneno machache kwa sababu siku nzima anasikia chuma. Jioni moja aliniangalia nikipiga dirisha msasa kwa ajili ya Yule wa Kabla.

"Huyo mama ulikutana naye wapi?" akaniuliza.

"Sijakutana naye."

"Basi mbona tunaishi naye?"

"Muulize mwenye ploti."

"Mimi aliniambia kitu kingine," akasema. "Aliniambia eti mume wa yule alikuwa anarudi na nyama kila Ijumaa." Akafikiri. "Na mimi narudi na mimi mwenyewe."

Tulicheka, tukalala. Lakini Ijumaa iliyofuata alirudi na nyama, na nikajua ugonjwa umeambukiza.

Kitu nilichotaka kilikuwa kidogo. Nilitaka Yeyo aseme mara moja tu, hata kwa bahati mbaya, hata akiwa na homa, kwamba mimi nimempita. Nilitaka nikalie kile kigoda. Mtu akiniuliza maisha yangu ya Kitengela nilikuwa nikitafuta nini, sitasema ploti wala gari. Nilikuwa nikitafuta sentensi moja kutoka kwa mama mmoja.

Kumbe ufunguo ulikuwa kwenye magazeti ya kufungia nyama.

Yeyo alikuwa anayakusanya. Mwenye bucha alimwekea yale ambayo hayajashika damu, naye akayarundika chini ya kitanda. Hakuwa anajua kusoma. Alichopenda ni kusomewa matangazo ya vifo. Si kwa ubaya. Alipenda zile safu ndefu zinazosema marehemu alikuwa mume wa nani, baba wa nani, mkwe wa nani, ndugu wa nani na nani, ametoka kijiji gani na atazikwa wapi. Kwake ule ulikuwa utamu kushinda redio. Akisomewa mtu wa Rombo, mpakani kule, anatulia, anauliza, "Huyo mke wake ni wa upande huu au upande ule?" kana kwamba karatasi itamjibu. Akimaliza tangazo moja amepata ukoo mzima wa kufikiria mpaka Jumapili ijayo.

Matangazo yale yaliandikwa kwa Kiingereza. Na mimi, niliyetoka shule darasa la saba kwenda kumsaidia baba dukani Kajiado, Kiingereza changu kilikuwa cha sabuni na majani ya chai.

"Yule wa kabla yako," Yeyo akaanza.

"Alisoma," nikamalizia.

"Alisoma. Alikuwa anageuza Kiswahili papo hapo, kama maji."

Watu wengine hurudi shule kwa ajili ya cheo, wengine kwa ajili ya watoto wao. Mimi nilirudi kwa wivu. Kulikuwa na madarasa ya jioni ya watu wazima katika shule moja ya msingi ng'ambo ya barabara, nikajiandikisha. Tulikalia madawati ya watoto wa darasa la tatu, magoti yakigusa kidevu. Aliyekuwa na kitambi aliandikia juu yake. Nilikuwa na mwenzangu dereva wa boza la maji, anayelala kila mwalimu akisema neno "kitenzi", na mimi nilimfinya kwa huruma na pia kwa furaha. Mwalimu alipotuuliza kwa nini tumekuja, mmoja akasema kupandishwa kazi, mwingine akasema kujisomea dawa. Mimi nikasema vifo. Mwalimu akaniandika jina kwa upole wa pekee, na muhula mzima hakunipigia kelele.

Nilisoma kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Nikafanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na mvi mbili, na alama nilizopata, nikisema ukweli, zilikuwa za kawaida, lakini nilizitembeza Kitengela nzima mpaka ng'ombe wa Yeyo wakazijua. Jumapili iliyofuata nilikuja chini ya mlimau nimevaa miwani ambayo sikuihitaji.

"Leta magazeti," nikamwambia Yeyo.

Nikasoma. Niligeuza Kiswahili papo hapo, kama maji, na pale maji yalipokauka nilichimba kisima changu mwenyewe. Nikikuta marehemu ana watoto wachache namwongezea. Nikikuta alikuwa mtu wa kawaida, nampa shamba la kahawa na cheo kanisani. Mjane mmoja nilimpa mapacha. Yeyo alikaa mkono shavuni, anasema "Oi, oi," mpaka mwisho. Nikakunja gazeti. Nikangojea sentensi yangu.

"Umesoma vizuri," akasema.

Nilishika mtungi kwa mikono yote miwili.

"Ila huyo wa mapacha. Yule wa kabla yako alinisomea huyo huyo. Hakuwa na mapacha."

Gazeti lilikuwa la zamani. Yule mwanamke alikuwa amenitangulia mpaka kwa marehemu.

Nilimsomea Yeyo kila Jumapili hata hivyo, miaka ikaenda. Halafu baba yangu akafariki, duka la Kajiado likakosa mtu, na mimi na mume wangu tukaamua kuhamia kule. Niliona ndio wakati wenyewe. Mtu akiondoka huambiwa maneno mazuri. Hata mbwa akiondoka husemwa alikuwa akibweka vizuri. Asubuhi ya kuhama nilifua mapazia, nikapiga deki, nikampelekea Yeyo chapati nne zikiwa moto. Mkokoteni ukapakiwa. Beseni la maua likawekwa juu kabisa, kama taji.

Yeyo akaja akasimama mlangoni, pale pale aliposimama siku ile ya kwanza. Akatazama chumba kitupu. Akanishika mkono kwa muda. Mimi nilikuwa nimeshaandaa machozi.

"Ufagie hapo chini ya mlimau," akasema. "Yule wa kabla yako alifagia."

Nikafagia. Nikaenda zangu Kajiado nikiwa na cheti cha kidato cha nne, mume, watoto, duka la kurithi, lakini bila ile sentensi yangu.

Mwaka huu nilisikia Yeyo amefanyiwa upasuaji wa macho. Nikafunga sukari, majani, unga na mafuta ya kupikia, kwa maana kwa mgonjwa huendi mikono mitupu, nikapanda gari kwenda Kitengela. Siku hizi mji ule umejaa ghorofa mpaka ukitaka kuona mbingu unaomba mtu akupishe. Lakini ploti ilikuwa pale pale, safu zake mbili, bomba, kamba. Mlimau ulikuwa umekuwa mkubwa kupita mabati. Na mbele ya mlango wangu wa zamani alikuwepo msichana, mama mdogo wa mtoto mmoja, kucha zimepakwa rangi ya samawati, anafagia majani makavu kwa hasira.

"Hodi hapa," nikasema. "Mimi nilikuwa nakaa hiki chumba zamani. Nimekuja kumwona Yeyo."

Ufagio ukasimama. Aliniangalia kwa macho ambayo mimi ningemwangalia nayo Yule wa Kabla kama tungekutana.

"Ni wewe?" akasema. "Wewe ndio ule wa kabla?"

"Wa kabla ya nani?"

"Kabla yangu. Kwani kuna mwingine?" Akaegemea ufagio. "Auntie, sina ubaya na wewe, lakini umenisumbua sana kwa hii ploti. Nikifua, naambiwa ulikuwa unafua saa ile majogoo bado wanalala. Nikipika chapo, eti zako zilikuwa nne, moto, kwa kitambaa. Mtoto wangu akisalimia, eti wako walikuwa wanapiga kichwa chini mpaka inagusa mtu tumbo, adabu ya kweli. Na hii mlimau yako, mimi ndio nafagia majani yake kila siku ya Mungu."

"Mlimau wangu?"

"Si ulipanda wewe?"

Sikukataa mti. Nilitazama juu kwenye matawi, kama mtu anayeangalia kazi ya mikono yake.

"Na magazeti," msichana akaendelea. "Nimemwambia Yeyo mambo ya vifo iko kwa simu siku hizi, namsomea, anakataa. Anasema wewe ulikuwa unasoma mpaka watoto wa marehemu wale gazeti lilisahau. Mapacha sijui. Uliwatoa wapi hao mapacha?"

"Kusoma ni kipaji," nikamwambia.

Yeyo alitoka akiwa na bandeji kwenye jicho moja. "Takwenya, Yeyo," nikamwamkia, naye akaitika "Iko" kwa furaha na kunishika kichwa kwa mikono miwili. Akaagiza chai. Akaagiza kiti chake cha plastiki. Halafu akamwambia msichana, "Leta kigoda ya huyu."

Ya huyu. Nilisikia wazi. Msichana akakileta kigoda akakiweka chini ya mlimau, kisha akapindua mtungi akaukalia yeye. Nikakaa. Nataka kusema kilikuwa kiti cha enzi, lakini mguu mmoja ulikuwa umelegea, na muda wote niliyumba kama mtu aliye juu ya ngamia. Sikuinuka. Ningekalia kigoda kile hata kama kingekuwa na misumari.

Tulipokunywa kikombe cha pili nilikusanya nguvu. Nilitaka ile sentensi yangu mbele ya shahidi.

"Yeyo," nikasema, "na yule wa kabla yangu? Yule wa kabati. Ukinilinganisha naye?"

Yeyo akapuliza chai. "Yupi huyo?"

"Yule wa Nyeri. Baba yake mwalimu. Mwenye vibanio."

"Aa, yule." Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Yule alikuwa mvivu. Na alikuwa anaruka majina. Nasomewa marehemu, nafika kwa wakwe, yeye anasema 'na wengine.' Mtu anakufa na wakwe, wewe unasema na wengine?"

Nilikuwa nimengojea miaka yote hiyo, na ilipokuja sikujua pa kuiweka. Yule wa Kabla, mwanamke aliyenitoa kitandani alfajiri, aliyenirudisha shule, aliyemfanya mume wangu anunue nyama, anaruka majina? Nilijisikia kama mtu aliyeshindana mbio kutoka Kajiado mpaka Kitengela halafu anaambiwa mwenzake alikuwa anatembea. "Yeyo, chapati zake zilikuwa laini," nikasema. Nilikuwa ninamtetea.

"Ngumu kama soli," Yeyo akasema, akaomba sukari.

Nikamtazama Yeyo, nikamtazama yule msichana juu ya mtungi, na hapo ndipo nilipouona mpango wote jinsi ulivyo. Kwa Yeyo, anayekaa chumbani hasifiwi. Anasifiwa aliyeondoka, mpaka aondoke mwingine. Halafu yule wa zamani anaanguka chini kama limau bovu.

Msichana akaweka kikombe chini. "Bahati nzuri na mimi ni kuondoka," akasema. "Mume wangu amepata nyumba Laiser Hill. Mwisho wa mwezi ujao tunatoka hapa."

Chai yangu ikapoteza ladha. Nilimwona tayari, huyu wa kucha za samawati, amekaa kwenye kigoda changu akiwa hayupo. Nilimsikia Yeyo akimwambia mpangaji mwingine kwamba yule wa kabla yako alisoma vifo kwa simu, mwanga na picha, na mlimau huu ni yeye aliupanda. Na mpangaji akiuliza habari zangu mimi, Yeyo atapuliza chai aseme, yule wa mapacha, yule alikuwa mwongo.

"Laiser Hill?" nikasema. "Dada yangu, wewe umeenda ukaona Laiser Hill?"

"Tumeenda. Ni kuzuri."

"Mchana. Umeenda mchana. Upepo wa kule jioni unang'oa nguo kwenye kamba ukiwa bado unazianika. Kuna mama alianika pazia Laiser Hill likaokotwa Magadi, na lilikuwa limeshakauka. Na matope. Mvua ikinyesha kule mtu anatoka kazini anaacha gambuti zote mbili barabarani anafika kwake na soksi ya mwenzake."

"Ni lami mpaka kwa geti, auntie."

"Lami inadanganya. Tena maji. Na majirani wa kule, kila mtu na geti lake, ukikosa chumvi unakula bila chumvi mpaka Jumatatu. Hapa kuna Yeyo. Hapa kuna bomba. Hapa kuna kivuli, nilikipanda mwenyewe." Nikamsogelea, kigoda kikinitingisha. "Kaa hapa. Mtoto akue kidogo. Mimi nitakuwa nakuletea chapati kutoka Kajiado, nitakusaidia hata kufagia. Nitaongea na Yeyo akupunguzie maneno."

Aliniangalia kwa shaka, lakini shaka yenye huruma ndani yake. "Ulikuwa mtu mzuri kweli," akasema. "Anavyosema Yeyo si uongo."

Nilirudi Kajiado na malimau matatu ya mti wangu. Tangu siku hiyo nampigia simu yule msichana kila mara nikifunga duka. Namuuliza mtoto ameshindaje, Yeyo amesemaje, na kama wamefikiria tena yale mambo ya upepo. Mume wangu akinisikia anazima mashine yake asikilize.

"Huyu naye ni nani tunaishi naye?" aliuliza juzi.

"Yule wa baada yangu," nikamwambia.

Jana nilimpigia tena. Kulikuwa na kelele za utepe wa gundi ukivutwa na maboksi yakiburutwa, na nyuma yake sauti ya Yeyo akiuliza nani atafagia chini ya mlimau. Msichana akasema nisijali, ameshafagia, na amemwachia Yeyo vibanio vyake vyote kama zawadi. Nikamuuliza, polepole, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, vyombo vya jikoni wanavifunga vipi, visivunjike njiani.

"Vitakaa tu ndani ya kabati," akasema. "Ni ya vioo, lakini iko na kufuli."

Nikamtakia safari njema. Kisha nikageuka nikalitazama beseni langu. Liko pale juu ya rafu ya duka, maua yamepauka kidogo, vikombe viko ndani. Nitaliosha kesho, kabla jua halijatoka.